Pua Ukutani, Pua Mlangoni

Kiatu kikiangalia ukuta, bado. Kikiangalia mlango, tayari, njoo na mguu wako uchukue. Hiyo ndiyo sheria pekee iliyotawala duka la Fundi wa viatu. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: rafu tatu, mguu wa chuma wa kugongea soli, kigoda, na harufu ya gundi iliyokwisha kuingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Hakukuwa na vikaratasi vya majina wala namba. Fundi alikuwa akijigamba kwamba uso wa mtu anaweza kuusahau, lakini kisigino chake hakisahau. Mteja alikuwa hajamaliza salamu, Fundi ameshanyoosha mkono na kushika jozi yake, maana wewe ndiye unayekanyagia upande kama bata, na wewe ndiye unayeburuta mguu kama mtu anayepelekwa kazini kwa kamba.

Hiyo ni kabla mlango haujamwangukia.

Ulikuwa mlango wa bati wa kuviringisha kwenda juu, na springi yake ilikuwa imechoka siku nyingi. Mkewe alisema mlango huu utakuja kuua mtu. Fundi alisema kesho. Kesho ikamkuta ameinama kizingitini anaokota msumari. Mlango ukateremka wote kwa mpigo mmoja, ukamshukia utosini. Akakaa chini, akajipangusa, akacheka, akasema mlango una wivu. Hakutoka hata tone la damu. Picha za hospitali zilionyesha kichwa safi kabisa. Wakaambiwa ni mtikisiko wa ubongo, apumzike, utapita.

Ukapita kweli, ila ulipita na vitu vyake. Maumivu yaliisha, kizunguzungu kikaisha, lakini miezi ilisogea na Fundi akabaki kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alipaka gundi soli moja mara mbili, ya pili akaiacha kavu. Alianza habari akaitelekeza katikati. Na baya kuliko yote, alianza kugeuza viatu visivyo: ambacho hakijashonwa kikatazama mlango, kilichokwisha kikatazama ukuta. Kwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Katika duka ambalo karatasi zake zote zilikuwa ndani ya kichwa kimoja, ilikuwa ni moto.

Na kwa kuwa hakuwa na bandeji wala mkongojo, watu hawakujua wamhurumieje. Mgonjwa asiye na kidonda ni mvivu, au mlevi, au kachezewa, chagua unalolipenda. Kinyozi wa jirani alimpa jina la Profesa, eti maprofesa nao husahau miavuli. Fundi alicheka naye. Mkewe alikijua kicheko kile: ndicho mtu anachokitoa anapokanyagwa na mkubwa wake.

Mkewe huyo aliitwa Mama Pasi na mtaa mzima, kwa sababu alipiga pasi nguo za watu kwenye ua wa nyuma, na kwa sababu hakuwa mtu wa kuona mkunjo akaupita. Hata ukikaa naye kuongea, mkono wake utakuja wenyewe kukunyoosha kola. Basi mkunjo huu wa mumewe aliunyoosha jinsi alivyozoea kunyoosha kila kitu, bila kelele. Kila mchana Fundi alipoingia ndani kunawa, kula na kujinyoosha kidogo, Mama Pasi alivua kandambili, akapenya dukani miguu mitupu. Alikigusa kiatu kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kilichoruka mshono alikiongezea mshono. Kilichotazama kusiko alikigeuza. Fundi aliporudi kigodani, rafu ilikuwa inasema kweli.

Hakumwambia. Angeanzaje? Watu wakaanza kusema Fundi kapona, mikono imerudi, na yeye Fundi akawa anainua kichwa. Mama Pasi alikuwa akisikia sifa hizo kutoka nyuma ya pazia, pasi mkononi, akazipitisha kwake zikaenda kwa mwenyewe. Sifa hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba siku nyingine, akiwa ameketi kwenye kigoda cha mumewe na sindano nene mkononi, alijikuta anakohoa kama yeye.

*

Kwenye hospitali ya kufundishia kulikuwa na daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akitafuta watu waliogongwa kichwa wakachelewa kurudi sawasawa. Ulikuwa utafiti, hawakutozwa kitu. Sharti lake ni kuhudhuria kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na anayekacha nafasi yake hupewa mwingine. Hakuna kisu, Daktari aliwaeleza, hakuna sindano. Ni sumaku inayowekwa juu ya kichwa na kugonga upande uliozubaa. Alisema ni kama kubisha hodi kwa mtu aliyelala: wengine huamka, wengine hugeukia upande wa pili, na yeye hawezi kuapa Fundi ni wa kundi gani. Mama Pasi alimpenda kwa kutoapa.

Kwanza akapimwa. Akatajiwa maneno matano ayashike: kiti, samaki, limau, daraja, pete. Wakaongea mengine, hali ya hewa, kazi, kisha Daktari akamwomba ayarudishe. Fundi akatoa kiti. Akatoa limau. Akatoa samaki, kwa taabu, kama anamvua. Kisha akakwama, na macho yake yakahamia kwa mkewe, kama yanavyohamia kwa saa ya ukutani, bila kufikiri. Midomo ya Mama Pasi ikatengeneza neno peke yake.

"Daraja," alisema Fundi.

Daktari hakumtazama Fundi. "Mama, naomba utusubiri hapo nje kidogo." Alilisema kwa adabu iliyochoma kuliko tusi.

Akasubiri kwenye benchi, mlango ukiwa nusu wazi. Aliona mumewe ameketi kwenye kiti kama cha kinyozi, amezibwa masikio. Daktari alishika kitu kizito cha plastiki chenye umbo la nane, akakisogeza kichwani mwa Fundi taratibu, anatafuta mahali panapoamrisha mkono, ili ajue sumaku iwe na nguvu kiasi gani. Kikasikika kishindo kikavu, *ta*. Kidole gumba cha Fundi kikaruka.

Fundi alikitazama kidole chake kama kuku anavyomtazama kifaranga wa bata.

"Si mimi," alisema.

"Najua," alisema Daktari. "Ni mimi."

Kisha akaihamishia sumaku mbele, upande wa kushoto, na kugonga kwenyewe kukaanza: ta-ta-ta-ta, kunyamaza, ta-ta-ta-ta. Walipokuwa wakirudi nyumbani Fundi alisema mashine ile inagonga kama fundi asiye na kazi anayetaka watu wadhani anayo. Mama Pasi alicheka. Lakini Fundi alikuwa ameupakata mkono wake wa kulia ndani ya wa kushoto, akakaa hivyo njia nzima. Kidole nilichozaliwa nacho, alisema baadaye, kinamtii mtu mwingine.

Kabla hawajaondoka, Daktari alikuwa amemwita Mama Pasi mlangoni. Alitaka kujua nyumbani ikoje, na hasa kazini: anakosea mara nyingi? Anakosea wapi? Fundi alikuwa hatua chache tu, ameinama anafunga kamba, na mgongo wake wote ulikuwa sikio.

"Kazini hakosei," alisema Mama Pasi. "Watu wanamsifu."

Daktari aliandika hivyo hivyo.

*

Wiki zikaenda. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake, na Mama Pasi aliona kwamba hapo wamemwachia nafasi. Asubuhi wakaenda kwenye sumaku, mchana akaingia dukani miguu mitupu. Akawa mwepesi. Akawa anajua ubao upi wa sakafu unalia.

Siku moja Fundi alimsimulia kinyozi kisa kirefu cha harusi iliyovunjika kwa ajili ya viatu vya kuazima, akakifikisha mpaka mkiani, na mkia ukachekesha. Siku nyingine aliingia jikoni akasema sabuni uliyosema imekwisha, nimeleta. Mama Pasi alifurahi, akamwombea, akaikata sabuni vipande. Mchana ulipofika, miguu yake ikavua kandambili. Hakujiuliza. Mkono uliozoea pasi ukikuta nguo iliyonyooka huipitisha pasi vilevile.

Ndipo Fundi akauliza, anakula, kijiko kikiwa hewani: "Kuna mtu anaingia dukani nikiwa huku?"

Mama Pasi alisema nani aingie, mlango si huo umeshushwa nusu.

"Kiatu cha mwalimu nilikiacha pua ukutani. Nimekikuta pua mlangoni."

"Labda ulikigeuza ukasahau."

Alilisema kama mtu anavyosema lete chumvi, na papo hapo akaona lilivyotua. Fundi aliteremsha kijiko. "Labda," alisema.

Haikuwa mara moja. Kila baada ya siku chache kiatu kilikuwa kimegeuka, au mshono umeongezeka ambao hakuukumbuka, uzi umepakwa nta nene kuliko anavyopaka yeye. Alianza kukaa kigodani ameikabili rafu, mgongo ukutani, kama mtu anayekaa na mbwa asiyemjua. Kabla ya kuingia kula alisimama akaitazama rafu yote, akinong'ona. Aliporudi aliitazama tena, na uso wake ukapauka.

Mama yake Fundi alilala chumba cha kando ya duka. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini masikio, mkamwana wake alikuwa akisema, yangesikia nzi akinawa mikono. Bibi huyu hakuwa na shaka hata kidogo.

"Mimi namsikia," alimwambia mwanawe. "Kila mchana. Anatembea miguu mitupu. Anakaa pale kwenye kigoda, anashona, anakohoa kidogo."

"Nani, mama?"

"Wewe. Yule wa kabla ya mlango. Mlango ulimtoa, sasa hajui pa kwenda, anarudi kazini. Hukuwahi kuwa mtu wa kukaa bure."

Kinyozi angecheka. Fundi hakucheka. Na Mama Pasi, aliyekuwa amesimama pale na kikapu cha nguo, alihisi ubaridi ukimpanda kutoka nyayoni, kwa sababu kati ya watu watatu waliokuwa chumbani, yeye peke yake alijua kwamba bibi amesikia vizuri. Kulikuwa na mzimu ndani ya nyumba. Ulikuwa umeshika kikapu.

Kesho yake Fundi alinyunyiza poda ya viatu sakafuni mwa duka, nyeupe, nyembamba, kutoka kizingiti mpaka kwenye rafu, halafu akaingia kula kama kawaida. Mama Pasi alisogeza pazia, akaiona, mguu wake mmoja ukiwa tayari uko hewani. Akaurudisha. Rafuni palikuwa na kandambili ya mtu inayotazama kusiko, hata kutoka pale aliiona, ikamwasha kama chawa. Akaiacha.

Fundi alirudi, akachuchumaa, akaitazama poda muda mrefu. Haikuwa na alama, na viatu vyote vilikuwa alivyoviacha.

"Leo hakuja," alimwambia mkewe kwa sauti ndogo. "Alijua."

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika kabisa, likasimama nyuma ya meno. Lakini lingekuja na ndugu zake wote: na soli alizozirudia, na mishono, na daraja. Akachukua ufagio akafagia poda.

*

Karani wa mahakama alikuwa mwanamke anayesikika kabla ya kuonekana: ko, ko, ko, visigino virefu, na mtaa unajua leo kuna watu watafungwa. Alileta viatu vyake vyeusi vibandikwe soli. Kesho yake, alisema, wanamuaga hakimu, na yeye ndiye atakayesoma hotuba.

Fundi alivitengeneza kwa moyo wote. Alichokoa gundi ya zamani, akapaka mpya, akabandika, akashona pembeni. Gundi ya ndani ilihitaji kulala mpaka asubuhi. Akaviweka rafu ya juu, pua ukutani. Akaenda kula.

Mama Pasi aliingia. Kidole gumba kilipita kwenye soli: kavu. Mshono: umekamilika, mzuri, hata yeye asingeweza. Akatikisa kichwa. Kazi imekwisha na mwenyewe kasahau kuigeuza. Akaigeuza.

Jioni, jua lingalipo, karani akaja, mara hii bila ko ko ko, amevaa kandambili za kuazima, lakini mwendo ni uleule. Mama Pasi alikuwa nyuma ya pazia akikunja shati. Alimwona mumewe akinyoosha mkono kwenye viatu vyeusi, kisha mkono ukasita. Ukabaki hewani. Fundi alivitazama vile viatu vinavyomtazama. Alikunja uso, akaupapasa utosi wake. Rafu ilikuwa inasema tayari. Kichwa chake kilikuwa kinasema bado. Na miezi yote hii alikuwa amefundishwa ni kipi kati ya hivyo viwili kinachodanganya.

Akavitoa. Karani akavivaa, akaondoka navyo.

Alirudi kesho yake mchana, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na nyuma yake watu wa mtaa, maana hakuna anayekosa sinema ya bure. Soli ilikuwa imeachia mbele yote. Karani alikiinua kiatu juu kila mtu akione, akakibana na kukiachia, kinywa kikafunguka na kufunga.

"Hiki ndicho kilichosoma hotuba," alisema. "Mimi nimesimama jukwaani mbele ya hakimu, chenyewe kinapiga makofi. Fundi, kama kichwa kimekushinda, si useme? Tutaelewa. Kila mtu ana kichwa chake."

Watu walicheka, si sana, kiasi cha kuumiza tu. Kinyozi, kwa sifa yake, hakusema Profesa. Fundi hakujitetea. Alikipokea kiatu kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akasema atakishona upya na hatatoza, na atakipeleka mwenyewe. Karani alipoondoka, Fundi aliuteremsha mlango wa bati mpaka chini, ingawa ilikuwa mchana.

Ndani kukawa giza la mistari. Mama Pasi alisimama kwenye pazia.

"Nilikiweka pua ukutani," Fundi alisema. Hakuwa anabishana, alikuwa anahesabu hasara. "Nauona mkono wangu unakiweka. Naona na nzi aliyekuwa juu ya rafu. Sasa mtu anayeona vizuri hivyo kitu ambacho hakikutokea, huyo si msahaulifu tena, mama. Huyo ni kichaa. Zamani nilikuwa nina mashimo. Sasa mashimo yamejaa vitu visivyokuwepo. Ni ile sumaku. Kesho siendi. Wampe mtu mwingine. Na hivi," akagusa mguu wa chuma kwa kidole, "tutafute mtu anayevijua avichukue."

Mama Pasi alimsikia, na ndani yake kitu kikageuka kama kiatu. Asiyekumbuka hashangai. Siku zile za mwanzo alikuwa akihamisha nusu ya rafu, na Fundi alikuwa akikaa palepale na kuendelea kugonga misumari, hana habari. Anayeshangaa ni yule anayekumbuka. Mumewe alikuwa ameanza kupona tangu siku ya kijiko hewani, na kila alipopata kitu kimoja na kukishika, mkono wake yeye ulikuja kumpokonya.

*

Hakusema siku ile. Tumsamehe, si rahisi kujivua ngozi mchana kweupe. Lakini asubuhi Fundi alipobaki kitandani akitazama dari, na saa ya hospitali ikawa inakaribia, alivua kandambili zake mlangoni mwa chumba. Akaenda miguu mitupu mpaka dukani, akikanyaga kila ubao unaolia. Akaketi kigodani. Akakohoa.

Kutoka chumba cha kando, bibi aliita: "Amekuja! Mwanangu, amekuja, njoo umwone!"

Fundi akaja mbio, shati wazi, akasogeza pazia. Akamkuta mkewe.

"Ni mimi," alisema Mama Pasi.

Fundi alitazama rafu, akatazama nyayo zake, akatazama kiatu cheusi cha karani kilichokuwa mapajani mwake.

"Tangu lini?"

"Tangu mlango."

"Vyote?"

"Mwanzoni karibu vyote. Halafu vichache. Halafu sikuangalia tena kama kuna haja. Hiki ulikiweka pua ukutani. Mimi nilikikuta hivyo. Nilikigeuza."

Bibi aliuliza ni nani, hakujibiwa, akauliza tena. Fundi alikaa chini sakafuni, mahali palepale alipokaa siku mlango ulipomgonga.

"Kwa hiyo wale waliokuwa wananisifu," alisema.

"Nilikuwa nakustahi, baba."

"Ulinistahi mpaka nikamwogopa mtu wa kwangu ndani ya nyumba yangu. Unajua nilikuwa nikimsalimia? Nikiingia dukani peke yangu, nilikuwa nikimwambia, habari za kazi." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Nilimwomba anirudishe."

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mkono wa Mama Pasi haukunyooka kumfunga kifungo cha shati. Fundi alikifunga mwenyewe, akakosea tundu, akakifungua, akakifunga tena.

"Vaa viatu," alisema. "Tutachelewa."

Hospitalini Fundi ndiye aliyemweleza Daktari, yote, hadi neno daraja. Mama Pasi alitazama sakafu. Daktari hakumgombeza; alisema tu kwamba alikuwa ameandika picha ya watu wawili akidhani ni ya mmoja, na sasa itabidi aanze upya kuiangalia. Kuhusu Fundi, alisema kushangaa ni dalili njema, lakini huenda ni sumaku, huenda ni muda, huenda ni vyote, na huenda pasiongezeke zaidi ya hapo. Akamtajia maneno matano mengine. Mama Pasi alikuwa ameshainuka kwenda kwenye benchi bila kuambiwa.

*

Wakapatana. Kusema, aseme. Kugusa, asiguse.

Ni rahisi kuandika, lakini mwulize mtu wa pasi. Mchana aliketi uani na mikono yake ameikalia. Fundi alikosea. Alimpa mwalimu viatu vya mtu mwingine, mwalimu akarudi navyo, na Fundi akasema nimekosea, nisamehe, neno ambalo rafu ile haikuwahi kulisikia. Siku nyingine alikosea mara moja. Siku nyingine hakukosea. Kiatu cha karani alikishona upya na kukipeleka mwenyewe. Karani alikipinda, akakivuta, akakinusa, mwisho akampa kiti.

Bibi hakuridhika. Alisema miguu mitupu siku hizi haiji, na kwamba nyumba imepooza. Mama Pasi mwenyewe, akipita dukani kutoa takataka, alikuwa akikwepa kigoda kama kwamba kuna mtu amekaa.

Kisha ikaja asubuhi moja. Fundi aliuviringisha mlango juu, ambao sasa ulikuwa na springi mpya na fimbo ya kuuzuia, akageukia rafu, akasimama. Kiatu kimoja cha kahawia, cha mzee wa jengo la pili, kilikuwa kimetazama ukuta. Mwenzake alikuwa ametazama mlango.

"Mama," aliita.

Mama Pasi akaja, akaona. Alijua. Jana yake alikuwa amesimama kwenye pazia na rundo la mashuka, akamwona Fundi akikichukua kile kiatu, akakikunja, akagundua soli imeachia nyuzi mbili, akakigeuza ukutani. Ndipo kinyozi akamwita nje, na kiatu cha pili kikabaki kimetazama mlango. Aliona yote, jua la saa tisa likiwa limelala juu ya mikono yake.

"Ni wewe?" Fundi aliuliza.

"Si mimi."

Alimtazama. Mama Pasi aliona swali likipita machoni mwake, na akaona kwamba ana haki nalo, na kwamba litakuwa linapita hapo miaka. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Midomo yake ilianza kutengeneza neno. Akaibana mpaka ikauma. Fundi alirudi kwenye rafu. Alinyoosha mkono, akakigusa kiatu, kidole gumba kikapita kwenye soli polepole, kikafika kwenye nyuzi mbili zilizoachia, kikasimama. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Bibi akauliza kuna nini huko, mbona kimya.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Nilikigeuza mimi. Kinyozi akaniita. Mvua ilikuwa inanyesha."

Mambo mawili kweli, la tatu limetoka wapi? Zamani angelipokea tu, angesema ndiyo, ilinyesha, na usiku angekwenda kulowesha kizingiti.

"Hakukuwa na mvua, baba," alisema. "Kulikuwa na jua."

Fundi alisimama na kiatu mkononi. Alitazama nje, kwenye vumbi kavu la mbele ya duka, akalitazama muda mrefu kama mtu anayeaga.

"Haya," alisema. "Hakukuwa na mvua. Lakini ni mimi."

"Ni wewe."

Akakigeuza na cha pili, pua ukutani, akaketi kwenye kigoda.